Kabla hujakubali giaboksi ifunguliwe, hakikisha mashine imesomwa sawasawa

Wateja wengi wa magari ya otomatiki wanaofika kwangu hapa Kizota, Dodoma, huja na hukumu tayari. "Fundi, nimeambiwa giaboksi imekufa, natakiwa nitafute nyingine." Nikiuliza imejulikanaje, naambiwa gari lilipimwa kwa mashine ya kusoma hitilafu, ikatoka namba P0700. Basi. Kwa namba hiyo moja mtu ameshaanza kutafuta mkopo.

P0700 haisemi giaboksi imekufa. Ni taarifa tu kwamba kompyuta ya gia imeona hitilafu na imeomba taa ya injini iwashwe. Hitilafu yenyewe imeandikwa ndani ya kompyuta ya gia, na mashine lazima iingie huko. Vidude vidogo vya bei nafuu vinavyosoma kwa simu, vingi vinaishia kwenye injini. Tena, Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, yaani utaratibu mmoja wa kusoma hitilafu za gari, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, lakini sheria hiyo haikuyafunga magari ya soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo yamejaa Dodoma. Soketi unaikuta ni ileile ya matundu 16, ukichomeka kidude hakipati mawasiliano. Kwa hiyo fundi akisema mashine haioni kitu, muulize kama imefika kwenye kompyuta ya gia au imeishia njiani.

Namba ikipatikana, ipigwe picha kabla haijafutwa. Pamoja na namba, magari mengi huhifadhi hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: mwendo, mizunguko ya injini, joto. Ukifuta namba, kumbukumbu hiyo nayo inakwenda. Nasikitika kila nikipokea gari ambalo limefutwa kila kitu "ili taa izime", halafu mwenye gari ananiuliza kwa nini siwezi kumjibu siku hiyohiyo.

Sasa angalia tarakimu ya mwisho, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapookolewa. Chukua solenoidi ya kwanza ya kubadili gia, yaani valvu ndogo ya umeme inayoelekeza oili ndani ya giaboksi. P0753 ni hitilafu ya umeme: waya umekatika, soketi imelegea, au koili ya solenoidi imeungua. P0751 ni habari nyingine. Umeme unafika, lakini gia haifanyi kilichoamriwa, kwa hiyo tunafikiria oili chafu, valvu iliyokwama, au presha ndogo. Namba mbili zinazokaribiana hivyo, na kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza naianza na mita ya umeme, bila kufungua chochote. Solenoidi za kuwasha na kuzima za Toyota nyingi husoma ukinzani wa takriban omu 11 hadi 15 zikiwa za baridi. Nikipata omu sawa kwenye solenoidi na namba bado inarudi, naufuata waya hadi kwenye kompyuta. Vumbi letu na panya wa magari yanayolala nje wananipa kazi nyingi ya namna hiyo.

Namba za sensa za mzunguko, P0715 ya mzunguko unaoingia kwenye giaboksi na P0720 ya unaotoka, ndizo zinazowaponza watu zaidi. Sensa ikidanganya, kompyuta inaona kama gia inateleza, inaliweka gari kwenye hali ya kujilinda, na gari linakwama gia moja na kuwa zito. Mwenye gari anasikia giaboksi imeisha. Dawa ni kutembea na gari mashine ikiwa imechomekwa, mtu wa pili akitazama grafu. Mzunguko wa kuingia ukidondoka ghafla hadi sifuri huku gari linakwenda kilomita 60 kwa saa na linavuta vizuri, hakuna kilichoteleza. Sensa au waya wake ndio umepoteza mawasiliano. Gia inayoteleza kweli huonekana tofauti: injini inapanda, mzunguko wa kutoka unabaki palepale, na unaisikia hata kwenye kiti. Fundi asiyetaka kutoka na gari barabarani, mimi nisingempa giaboksi yangu aifungue.

Joto nalo lisomwe kwenye mashine. Oili ya gia ikitembea kwenye nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi sina neno. Ikipita 120 wakati wa kupanda Saranda kwenda Manyoni, au Kolo upande wa Kondoa, ukiwa na mzigo, oili inachoka haraka na rejeta yake inatakiwa ikaguliwe. Halafu giaboksi nyingi za Toyota zinazotumia oili ya WS, aina ya oili ya gia ya Toyota, hazina dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili. Kiwango hupimwa injini ikiunguruma, kwenye joto maalumu, mara nyingi kati ya nyuzi 35 na 45, na joto hilo unalisoma kwa mashine hiyohiyo. Kwa jua la hapa mwezi wa Oktoba, kazi hiyo naifanya asubuhi mapema, kwa sababu gari lililoanikwa mchana linapita joto hilo kabla hujaweka spana.

Betri wengi wanaisahau. Injini ikiwa inaunguruma nataka kuona volti 13.5 hadi 14.5. Chini ya hapo kompyuta zinapotezana, na namba kama U0101, inayosema kompyuta ya gia haipatikani, inaweza kutokea bila giaboksi kuwa na kosa lolote. Kagua pia waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi.

Kuna siku majibu ni mabaya kweli. Sensa ni nzima, umeme uko sawa, oili ni ya aina sahihi na kiwango chake, na bado grafu inaonyesha kuteleza, P0730, namba ya uwiano wa gia usio sahihi, inarudi kila ukifuta, ukishusha sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, unakuta oili nyeusi yenye harufu ya kuungua na chembe za chuma. Hapo fungua. Ukiamua kufunga ya mtumba, namba ya giaboksi ilingane na ya gari lako, oili iwe ile iliyoandikwa na mtengenezaji, na kompyuta ifutiwe mazoea ya giaboksi ya zamani kisha ifundishwe upya. Kwa CVT, yaani giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, usikubali kupokea gari kabla hatua hiyo haijafanyika, na uombe kuonyeshwa kwenye kioo cha mashine kwamba imekamilika.