Nimepunguzwa kazini nikiwa na miaka 37: je, nikasomee uchomeleaji?

SWALI: Ndugu Mshauri, nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha plastiki hapa Dar es Salaam kwa miaka tisa, hadi tulipopunguzwa kazini mwezi wa tatu. Nina miaka 37, mke na watoto wawili. Jirani yangu anaunda mageti na madirisha ya vyuma na yuko tayari kunifundisha bure, lakini mke wangu anataka niende chuo cha ufundi cha VETA nikapate cheti. Mimi nafikiria kutumia kiinua mgongo kununua mashine ya kuchomelea kwanza, mengine yafuate. Tena naona haya kukaa darasani na vijana wa miaka 18. Nifanyeje?
Msomaji, Temeke

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyokukuta. Mashine iache dukani kwa sasa, kwa kuwa mtu ambaye mkono wake haujatulia akishaileta nyumbani hugharimia pia umeme, rodi za kuchomelea, grainda ya kukatia chuma na mageti yanayorudishwa na wateja. Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Miaka yako tisa ni siku 63, basi hakikisha kwamba ulilipwa sawasawa. Kama ulichangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, miezi 18 au zaidi, kaulizie pia fao la kukosa ajira, ambalo kwa mwanachama mwenye sifa ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Fedha zote hizo zihesabu kuwa unga wa nyumbani na nauli ya kwenda kujifunza.

Kuhusu jirani na VETA, sioni sababu ya kubishana na mama watoto, kwani tofauti yenu ni ya kipi kitangulie. Kozi ndefu za VETA kwa kawaida huanza Januari, nazo kozi fupi hupatikana katikati ya mwaka. Chuo cha Chang'ombe kiko karibu nawe, kaulize huko. Wakati unasubiri, nenda kwa jirani hata kesho, kwa sababu ni vyema ujue mapema kama mwili wako unakubali joto, moshi na kuinama kutwa nzima.

Mwanafunzi wa siku ya kwanza hutazama mwanga, ilhali anayejua kazi hutazama kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma ya ncha ya rodi, akikivuta taratibu huku akisikiliza mlio unaofanana na wa samaki kwenye mafuta. Rodi ikiinuliwa mno mlio hupasuka na vyuma hurukaruka. Ikigandamizwa mno hunasa. Hayo jirani atakufundisha vizuri. Asichoweza kukupa kirahisi ni kusoma michoro, kuchomelea wima na juu ya kichwa, na kutumia gesi, na hayo ndiyo viwanda na miradi mikubwa huyapima. Katika mabomba, kwa mfano, kuna jaribio liitwalo 6G, ambapo bomba hufungwa likiwa limeinama nyuzi 45 bila kuzungushwa, nawe ndiwe unayelizunguka. Kiungo kikishapoa kinaweza kupigwa eksirei. Gereji ya mageti peke yake haikufikishi huko, ingawa kwa anayetaka kuishi kwa mageti tu, inatosha kabisa.

VETA pia ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani hupimwa, akifaulu hupewa cheti. Kwako bado ni mapema, lakini mdokezee jirani yako, huenda ukawa umelipa fadhila.

Kuona haya mbele ya vijana nadhani kutaisha wiki ya pili. Mtunza stoo anajua kupima, kuandika na kuona kipande kilichopotea. Wengi wao bado hawajui.

Usikubali kamwe kushika kazi bila kioo cha giza, hata kama mafundi wa hapo hutumia miwani ya jua, kwa maana macho hayaumi papo hapo: huanza usiku, kana kwamba yametiwa mchanga. Vaa viatu vilivyofunika mguu na shati la pamba la mikono mirefu. La nailoni likipatwa na cheche huyeyuka na kugandia kwenye ngozi.