Maswali ya Wasomaji: Kitabu Katikati ya Shughuli za Nyumbani

Mhariri, nina watoto watatu na kazi ya kutwa. Usiku nikishika riwaya, kurasa mbili tu usingizi umenichukua. Nikiirudia baada ya siku nne sikumbuki nani ni nani. Nitamaliza lini?
Mama wa Watatu

Mama, muda wako unatosha kuliko unavyodhani. Ukurasa wa riwaya huwa na maneno 250 hadi 300, na msomaji wa kawaida akisoma kimya huumaliza kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Dakika 20 kwa siku zinakupa kurasa 10 hadi 13, kwa hiyo riwaya ya kurasa 240 itaisha katika wiki tatu au zaidi kidogo. Kinachokuangusha ni zile siku nne za kuacha. Baada ya pengo kama hilo unalazimika kurudi nyuma kurasa kadhaa, na dakika zako zote zinaishia hapo.

Zigawe dakika 20 mara mbili, kila sehemu uifunge kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa: kabla wengine hawajaamka, wakati wa mapumziko ya kazini, au unapomsubiri mtoto atoke darasani. Ukisema tu “nitasoma nikipata nafasi”, nafasi haitapatikana. Simu iache chumba kingine, maana ujumbe mmoja tu unatosha kukutoa kwenye sura.

Alama ya ukurasa iwe nusu karatasi iliyokunjwa. Upande mmoja andika majina ya wahusika kadiri wanavyojitokeza, na neno moja la uhusiano wao: dada, mdai, jirani. Upande wa pili, kila unapofunga kitabu, andika sentensi moja ya ulipofika na unachongoja kitokee. Na usifunge mwisho wa sura. Fungia katikati ya tukio, kwenye aya inayokuvuta, ndipo kesho utaanza bila kusukumwa.

Usiku weka kitabu cha pili, chepesi: mashairi au hadithi fupi zinazoisha kwa kurasa nane au kumi. Riwaya nzito inahitaji kichwa ambacho hakijachoka. Na kitabu kisichokushika hadi ukurasa wa 50, kiache bila kujilaumu. Wengi wanaosema wameshindwa kusoma wamekwama kwenye kitabu kimoja wasichokipenda.

Mimi na mwanangu wa miaka tisa tunapenda hadithi, ila mdogo wake wa miaka minne anavuruga kila kitu. Pia huyu mkubwa sasa anajua kusoma. Je, niendelee kumsomea?
Baba Msomaji

Endelea, tena usiache mapema. Kwa miaka mingi tangu mtoto aanze kusoma, anaelewa kwa kusikia hadithi ngumu kuliko anazoweza kusoma mwenyewe. Ukimwachia kila kitu asome peke yake, unambakiza kwenye vitabu vyepesi wakati akili yake inataka vikubwa zaidi.

Mkianza na mdogo, fujo zitapungua. Mpe dakika 10 za kitabu cha picha, kisha mkubwa apate sura yake. Mdogo abaki hapo akichora au asinzie. Kasi ya kusoma kwa sauti ni maneno 150 hivi kwa dakika, kwa hiyo sura ya kurasa 10 itachukua kama dakika 17 hadi 20. Ikiwa ndefu zaidi, ikate.

Kwa mdogo, kazi kubwa ni mazungumzo. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wazazi waliofundishwa kwa mwezi mmoja kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, na kuyapanua majibu ya watoto. Lugha ya watoto hao ilikua kuliko ya wale waliosomewa kwa mazoea. Mtoto akisema “mbwa”, mjibu: “Naam, mbwa mweusi anakimbia. Anamkimbia nani?” Maswali mawili matatu kwa kitabu kizima yanatosha, ukiuliza kila ukurasa, hadithi inakufa. Akitaka kitabu kilekile kwa mara ya kumi, kubali, ila nyamaza kabla ya neno la mwisho wa sentensi ili alimalizie yeye.

Mkubwa anapokusomea, kosa lisilobadilisha maana liache lipite. Linalobadilisha maana, ngoja afike mwisho wa sentensi, kisha umuulize kama sentensi imeleta maana. Ukimkatiza kila neno, ataanza kusoma kwa woga na kuacha kuifuata hadithi. Kupima kitabu, mwambie akunje kidole kwa kila neno asilolijua katika ukurasa mmoja. Vidole vitano vikiisha, hicho someni pamoja.

Nikianza kumsimulia mume wangu kitabu nilichomaliza, anageukia simu. Nakosea wapi?
Mpenda Vitabu

Huenda unasimulia kuanzia sura ya kwanza kwa mpangilio wa mwandishi. Msikilizaji hajui kwa nini aijali hadithi hiyo. Tumia dakika mbili: mhusika ni nani na anataka nini, nani au nini kinamzuia, kisha mahali ambapo wewe mwenyewe hukujua umuunge mkono nani. Usivuke theluthi ya kwanza ya kitabu. Halafu msomee aya moja uliyoichagua mapema, ya maneno yasiyozidi 120, umuulize kuhusu tatizo lenyewe: “Ungekuwa wewe, ungelilipa lile deni?” Swali la “unaonaje?” hujibiwa “kizuri” na mazungumzo yanaishia hapo.

Kitabu kisicho cha kubuni mpe dai moja, ushahidi wake, na jambo moja unalolitilia shaka.

Uandike maelezo siku uliyomaliza, kitabu kikiwa kimefungwa, kwa maneno yako. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na katika kitabu chake cha 1885 alionyesha kuwa sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea ndani ya siku ya kwanza. Hadithi yenye maana hukaa zaidi, lakini majina na sababu huondoka haraka.

Mtoto amechana ukurasa wa kitabu nikipendacho, kisha akakimwagia chai. Nitumie selotepu?
Mwenye Uchungu

Hapana, selotepu hugeuka njano na gundi yake huingia kwenye karatasi. Kausha kwanza. Kifute nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisimamishe kikiwa kimefunguka kidogo, na tia karatasi za kunyonya maji kila baada ya kurasa kumi hivi, ukizibadilisha zikilowa. Feni ipulize chumba, isikielekee kitabu. Usikianike juani wala kukipiga pasi. Kuvu huweza kuanza ndani ya siku mbili. Ukiona huwezi kukausha kwa wakati, kifunge kwenye mfuko na ukitie friza hadi upate nafasi. Kurasa zenye kung'aa zitenganishe zikiwa bado mbichi, kwani zikikauka pamoja haziachani tena.

Kisha chemsha unga wa ngano kijiko kimoja kwa vijiko vitano vya maji, ukikoroga hadi uwe uji mzito, uache upoe. Chana kwa mkono, usikate kwa mkasi, ukanda wa karatasi nyembamba sana yenye upana wa kidole. Nyuzi za ukingo wake ndizo zinazoshika. Paka uji kidogo tu, bandika, weka karatasi isiyoshika gundi pande zote mbili, na ugandamize chini ya vitabu vizito usiku kucha.