Usiniachie kitambulisho chako: ushauri wa mwenye saiba, Nakuru

Nina saiba hapa Nakuru, duka la intaneti na kuprinti, chumba kidogo karibu na steji ya matatu, na nitakayosema huenda wenzangu wa biashara hii wasiyapende. Watu wanaogopa wezi wa mtandao walioko mbali, ilhali taarifa zao zimelala kwenye kompyuta zetu. Fungua folda ya vitu vilivyopakuliwa katika saiba yoyote jioni: vitambulisho mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, PIN za KRA (namba za mlipa kodi), hata majibu ya vipimo vya hospitali. Mimi hufuta kabla ya kufunga duka. Lakini wewe hunijui, na usalama wako haufai kutegemea tabia yangu.

Barua pepe ndiyo inayoniuma zaidi. Mzee anakuja kufungua akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au kujaza ritani ya kodi, na hana barua pepe. Mhudumu mwenye haraka anamfungulia moja, anaweka neno la siri analolijua yeye, na panapotakiwa namba ya simu ya kurejeshea akaunti anaandika yake mwenyewe, asisumbuke kuuliza. Mzee analipa, anaenda zake. Kuanzia hapo mlango wa leseni yake ya udereva, pasipoti na ritani uko mikononi mwa mtu asiyemjua hata jina. Baada ya mwaka anakuja kwangu: "Kijana wangu, neno la siri liko kwa saiba fulani, nayo ilishafungwa." Hapo huwa sina la kumfanyia la haraka.

Kwa hivyo fungua barua pepe nyumbani, kwa simu yako na laini yako, ukisaidiwa na mwanao au mjukuu. Ukifika saiba, neno la siri charaza mwenyewe, hata ukitafuta herufi moja moja. Foleni itangoja. Namba ya uthibitisho ikiingia kwa ujumbe, isome mwenyewe wala usimpe mhudumu simu. Na kabla hujainuka, hakikisha umetoka kwenye akaunti. Kufunga dirisha pekee hakutoshi. Anayekaa baada yako anaweza kulifungua akakukuta bado umo ndani.

Halafu kuna WhatsApp. "Nitakutumia kwa WhatsApp uniprintie" ndiyo sentensi ninayoisikia kuliko salamu. Faili lako likishaingia kwenye simu ya saiba, linabaki pale, na pengine linahifadhiwa tena mtandaoni bila mtu kukusudia. Afadhali uingie kwenye barua pepe yako na uprinti kutoka humo. Ukilazimika kutumia WhatsApp, omba lifutwe ukiwa umesimama hapo hapo. Mhudumu mzuri hatakasirika. Na kama uliunganisha WhatsApp yako na kompyuta yetu, ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta vifaa vilivyounganishwa, uikate.

Fotokopi iliyoharibika ni yako, ondoka nayo. Karatasi za ofisi huishia kufungia njugu, na mwenye njugu hasomi kilichoandikwa. Ile nzuri unayompelekea mwenye nyumba au wakala, andika juu yake kwa kalamu, ukipitisha katikati: "Ya kukodi nyumba tu", na tarehe. Pia piga *106# uone ni laini ngapi za kampuni yako ya simu zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda ikatolewe.

Hayo yote yana dawa. Neno la siri hubadilishwa, laini huzimwa. Kidole na jicho havibadilishwi, na ndiyo maana hapo nina ukali zaidi. Mwaka 2023, watu wa mradi wa sarafu za kidijitali wa Worldcoin walipokuwa wakipiga picha za mboni za macho Nairobi na kutoa sarafu hizo za thamani ya shilingi 7,000 hivi, vijana walinijia wakitaka niwawekee programu hiyo. Sikuwalaumu, 7,000 ni kodi ya chumba. Serikali iliisimamisha kazi hiyo Agosti 2023, na Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe Mei 2025. Hesabu mwenyewe jicho lako lilikaa muda gani kwa watu kabla ya amri kutoka.

Siwezi kumwambia mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha akatae mashine ya kidole inayoandika saa yake ya kuingia. Atabaki nje ya geti. Wala simshauri mgonjwa abishane na dirisha la SHA, bima ya afya ya serikali, hospitalini. Lakini gimu au hosteli ikitaka kidole, uliza kwanza kama kadi haitoshi. Na popote unapokitoa, kazini pia, uliza data inakaa kwa nani na itafutwa lini ukiondoka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka wakwambie, kabla hawajachukua, data ni ya kazi gani na nani mwingine atapewa. Sheria hiyo hiyo inahesabu alama za mwili kuwa data nyeti, pamoja na majina ya watoto wako na mwenzi wako, jambo ambalo wengi hushangaa nikiwaambia.

Msidhani kuna mkaguzi atakayekuja kwangu. Kwa kawaida biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kujisajili na Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo. Sheria bado inanibana, ila macho ya kwanza ni yako. Wakubwa wamewahi kuumia: mwaka 2023 shule moja ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kampuni ya mikopo ya simu nayo ilitozwa karibu milioni 3.

Kulalamika kwa Kamishna hakulipishwi. Unaweza kuandika au kusema kwa mdomo, na anatakiwa kulimaliza lalamiko ndani ya siku 90. Kabla hujamwambia aliyekukosea kwamba unaenda huko, piga picha ya skrini yenye tarehe, kwa sababu jambo la kwanza atakalofanya ni kufuta.