Chizi inaota ukungu kwenye friji, nakosea wapi?

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi niko Moshi, Majengo. Mume wangu akienda Arusha huwa ananiletea chizi ya gauda kama nusu kilo hivi, watoto wanaipenda na chapati asubuhi. Shida ni kwamba wiki mbili haziishi, upande mmoja umeota ukungu wa kijani na mwingine unateleza kama sabuni iliyoloa. Naifunga na nailoni vizuri kabisa, naiweka friji pale juu karibu na barafu. Nakosea wapi, na yenye ukungu nitupe yote? Inauma jamani, chizi ni bei.

JIBU: Pole sana mpendwa. Hiyo nailoni ndo inakuangusha. Chizi inatoa unyevu kidogo kidogo hata ikiwa kwenye baridi, sasa ukiibana hivyo unyevu unakosa pa kwenda, unabaki juu ya chizi yenyewe, ndo huo utelezi unaousema na ukungu unapenda hapohapo. Ila usiiache wazi, itakauka pembeni ikolee rangi na kuwa ngumu. Tafuta karatasi ile ya kuokea keki, zungushia mara mbili, weka kwenye kopo lenye mfuniko ila usiubane sana, halafu kopo liende chini kwenye droo ya mboga, sio juu kwenye barafu, na vitunguu na samaki vikae mbali maana chizi inabeba harufu haraka mno. Karatasi ikilowa mafuta badilisha, usiirudishie hiyohiyo.

Halafu naomba uangalie asubuhi watoto wanavyokata. Kisu kimetoka kwenye chapati kinaingia kwenye chizi, na mkono mwingine umeishika nzima nzima. Kwangu niliwahi kukuta ukungu umejipanga madoa manne, nikiweka vidole vyangu vinakaa palepale, yaani ndipo tulipokuwa tunaishikia! Siku hizi nakata ya siku hiyo naweka kwenye sahani, kipande kikubwa kinarudi friji bila kuguswa na mtu. Ukienda hivi gauda iliyofunguliwa inakaa wiki tatu mpaka nne.

Kuhusu kutupa, gauda na cheda ni ngumu, ukungu hauzami sana, kwahiyo kata sentimita 2.5 kuzunguka doa na kwenda chini, kisu kisiguse ukungu wenyewe, inayobaki mnakula. Zile laini kama mozarela, au iliyokwishakwaruzwa, hapo tupa yote bila huruma, ukungu unakuwa umeshapita ndani usikoona.

Na umeme ukikatika usifungue fungue friji, likifungwa linashika baridi kama masaa manne, Moshi ya Februari unaijua mwenyewe. Ukiona nusu kilo ni nyingi, nusu yake kwaruza uigandishe kwenye friza, ikitoka itakuwa inamomonyoka, kwenye chapati haitapendeza lakini juu ya pitsa au kwenye makaroni hakuna atakayejua.

Ya kula na chapati itoe friji nusu saa kabla, ukishaanza kukanda unga ndo uitoe, ikiwa baridi sana utamu wake wote unajificha.