Usiogope Kubonyeza: Nilivyoanza Kuruka na Waongoza Ndege Mtandaoni

Mdogo wangu alifungua mlango bila hodi akanikuta nimevaa hedifoni, daftari mkononi, nasema peke yangu kwa Kiingereza: "Dar Tower, good evening..." Kisha nakohoa, naanza upya. Akarudi sebuleni akamwambia mama, "Kaka anaongea na ukuta." Hakukosea. Kompyuta ilikuwa imezimwa kabisa. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kumsalimia mwongoza ndege.

Watu wakisikia naruka kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kurusha ndege, huniuliza wanunue nini. Mara chache mtu huniuliza aseme nini, na hapo ndipo nimewaona wengi wakikwama, mimi nikiwa wa kwanza. Kurusha ndege ndogo kama Cessna utajifunza mwenyewe kwa kuanguka mara ishirini. Kubonyeza kitufe cha redio ukijua kuna binadamu anasikiliza, hiyo ni habari nyingine.

Kwa asiyejua: kuna mitandao ambako ndege yako ya simuleta inaonekana kwa marubani wengine, na nyuma ya skrini ya rada amekaa mtu wa kweli anayewaongoza. Miwili mikubwa ni IVAO, iliyoanza 1998, na VATSIM, iliyoanza 2001. Mimi niko VATSIM, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Kujiunga ni bure, mradi umetimiza miaka 13. Waongoza ndege wote wanajitolea: huyu mwanafunzi wa chuo, yule mzee mstaafu, mwingine katoka kazini jioni na kikombe chake cha chai. Wamefundishwa na kufanyiwa mitihani kabla ya kukabidhiwa mnara.

Suala la vifaa nitalipita haraka. Microsoft Flight Simulator ya 2020 inapendeza, ila inakula zaidi ya GB 100 kwenye diski na bado inavuta picha za ardhi mtandaoni ukiwa angani. Ukiwa mtu wa bando za wiki, utalia. X-Plane ina toleo la kujaribu bure, na ardhi yake inakaa kwenye kompyuta yako. Kuunganisha na VATSIM unatumia programu ndogo: vPilot kwa Microsoft, xPilot kwa X-Plane, zote bure. Sauti ya redio yenyewe hailambi sana bando. Hedifoni za simu zenye maiki zinatosha kabisa kuanzia. Usukani wa laki kadhaa subiri kwanza ujue kama mapenzi yatadumu.

Ukishajiandikisha utapitia kozi fupi ya wageni na mtihani wake. Usiuparamie kwa kubahatisha. Maswali yake ndiyo yale yale yatakayokuumbua baadaye.

Sasa daftari. Kabla ya kuondoka, mwongoza ndege atakusomea kibali cha safari, tena kwa mwendo wa kondakta wa daladala anayetaja vituo. Ukijaribu kukishika kichwani kitakuponyoka. Marubani wana herufi tano, CRAFT, nami huziandika wima pembeni mwa ukurasa kabla sijaita. C ni unakoruhusiwa kufika. R ni njia utakayofuata. A ni kimo. F ni masafa ya redio utakayoitia ukiwa angani. T ni tarakimu nne za transponda, kifaa cha ndege kinachoijibu rada, zile zinazomfanya akuone kwa jina kwenye rada. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: karibu yote hayo unayajua tayari, maana ni wewe uliyejaza mpango wa safari. Mimi hutengeneza wangu kwenye tovuti ya SimBrief, ni bure, halafu natangulia kujaza C na R kwa penseli. Akianza kusoma nasubiri kimo na zile tarakimu nne tu. Kisha unamrudishia alichosema, neno kwa neno, na jina la ndege yako mwishoni. Ukikosea atakusahihisha bila kugomba. Amri ambayo usithubutu kuijibu kwa "roger" (nimepokea) tupu ni "hold short", yaani simama kabla ya njia ya kurukia. Hiyo irudie yote, pamoja na namba ya njia, kwa sababu pengine kuna ndege inatua hapo hapo.

Na lafudhi? Hili ndilo lililonifunga mdomo kwa wiki tatu. Nilidhani Kiingereza changu cha shule ya kata kitachekwa. Nikakaa jioni nzima nimeegesha getini, ndege imezimwa, nasikiliza tu masafa ya redio ya uwanja mmoja wa Ulaya. Nikamsikia Mhispania, Mpolandi, Mhindi, na Mfaransa mmoja ambaye sikuambulia neno, lakini mwongoza ndege alimwelewa vizuri. Alimwelewa kwa sababu alijua kitakachosemwa kabla hakijasemwa. Lugha ya redio ni kama salamu zetu: ukisikia "shikamoo" humwombi mtu aifafanue. Jioni mbili za kusikiliza zilinisaidia kuliko video zote nilizotazama. Na kama maiki bado inakutisha, mtandao unaruhusu kuandika badala ya kuongea; weka /T/ kwenye maelezo ya mpango wako wa safari, watakujibu kulingana na hali yako.

Mara yangu ya kwanza kuongozwa hasa ilikuwa Nairobi. Usiku mmoja nikaona kwenye ramani mnara wa Jomo Kenyatta uko hewani, nikasema leo ni leo. Cessna 172, naenda Kilimanjaro, saa moja na ushee. Kibali nikakiandika, nikakirudia, sauti ikitetemeka lakini ikatoka. Nikatembeza ndege hadi ukingoni mwa njia 06. Nikaruhusiwa kuondoka, na nikaambiwa kuna Boeing 777 inakuja kutua nyuma yangu.

Mimi mazoezi yangu yote nilifanyia Dar, ambako uwanja uko karibu usawa wa bahari. Jomo Kenyatta uko futi 5,330. Hewa ya kule ni nyepesi, na injini ndogo ya pistoni ukiiacha na mafuta yale yale uliyozoea pwani, inalewa. Kitabu cha Cessna kinasema wazi kwamba juu ya futi 3,000 unapunguza mafuta kwa ile nobu nyekundu mpaka mzunguko wa injini ufike juu kabisa, ndipo unaondoka. Nilikuwa nimekisoma. Lakini akili yote ilikuwa kwenye Kiingereza. Nikaingia njiani, nikasitasita kukagua vitu ambavyo nilipaswa kuwa nimeshavikagua, nikasukuma, na ndege ikaanza kujikokota kama bajaji yenye abiria watano kwenye mlima. Njia ya Nairobi ni ndefu, inapita kilomita nne, nikadhani nitaimaliza. Redioni nikasikia yule wa 777 anaambiwa asitue, azunguke upya, maana mimi bado nilikuwa njiani.

Nilitaka kuzima kompyuta. Mwongoza ndege akaniambia niendelee kupanda, sauti ile ile. Baada ya dakika kumi akaniandikia ujumbe wa faragha: je, nilipunguza mafuta? Nikamjibu ukweli. Akaandika kwamba siku nyingine nikiwa sijawa tayari niseme tu siko tayari, atampitisha mwingine kwanza. Basi. Ndiyo maana nakuambia "stand by" (subiri), "say again" (rudia) na "unable" (siwezi) ni maneno ya kiungwana. Yabandike pembeni mwa skrini.

Ukitaka kuepuka aibu yangu, anzia Dar kwenda Zanzibar. Ni kama dakika ishirini na tano kwa Cessna, pande zote mbili ziko chini, bahari inakuonyesha njia. Mara nyingi hutakuta mwongoza ndege huku kwetu, maana waliosajiliwa ukanda huu si wengi. Hapo unatumia masafa ya pamoja, kawaida 122.800, kutangaza unachofanya: natoka, naingia njiani, natua. Hata kama hakuna anayesikia, tangaza. Mdomo unazoea.

Mawili yanayowaponza wageni kila siku. La kwanza, simuleta nyingi hukuweka katikati ya njia ya kurukia unapoanza. Ukiunganisha hapo, unamtokea mtu puani akiwa anatua. Chagua geti kwanza ndipo uunganishe. La pili, ukiwa umeunganishwa usiondoke kwenye kiti zaidi ya nusu saa. Wasimamizi wakikuita usiitike, wanakutoa. Kwa hiyo chakula cha usiku kinaliwa kabla, na mama ameshaelewa. Umeme ukikatika hilo ni lingine, hakuna atakayekulaumu. Ndege yako inatoweka tu kwenye rada, umeme ukirudi nawe unarudi.

Halafu kuna saa. Huko kila kitu kinatangazwa kwa saa ya Zulu, yaani saa ya kimataifa (UTC), ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Nilikosa shughuli mbili kwa kuchanganya. Sasa nina hesabu yangu. Saa mbili usiku yetu, simu inasema 20:00, Zulu inasema 17:00, ambayo kwa mkono wa saa ni tano. Yaani chukua saa ya Kiswahili, ongeza tatu, umepata Zulu. Ongeza tatu tena, umepata saa ya simu. Zulu iko katikati kabisa, kana kwamba waliipanga kwa ajili yetu. Ulaya hujaa kuanzia hapo saa mbili hadi saa tano za usiku wetu, minara mingi imewaka na foleni ndefu ya kuondoka. Kusikiliza, njoo muda huo. Kuongea mara ya kwanza, tafuta uwanja mdogo wenye mnara uliowaka na ndege mbili tatu tu, Jumapili mchana. Mdogo wangu sasa anagonga mlango kwanza, akisikia nipo redioni anaacha sahani nje.