Bibi anasema Bakhita si jina la Kikristo

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Binti yangu ana miaka 14 yuko mafundisho ya kipaimara, juzi karudi anasema jina la kipaimara anataka Bakhita. Bibi yake kagoma kabisa, eti hilo la Kiarabu tena la mtumwa, achukue Theresia kama mashangazi zake. Hivi huyo Bakhita ni mtakatifu kweli au bado mwenye heri? Mama wa binti, Moshi

JIBU: Milele amina mama. Mtakatifu kamili, Papa Yohane Paulo II alimtangaza 1 Oktoba 2000, hapo bibi hana kesi.

Kwenye Kiarabu lakini bibi kapatia. Maana yake mwenye bahati, na hiyo bahati yetu ya Kiswahili ni ndugu wa neno hilo hilo. Kinachouma ni kwamba waliompa jina ndio hao waliomteka, alikuwa mtoto wa Darfur huko Sudan, kazaliwa kama 1869, wakamwiba akiwa mdogo na kwa ule mshtuko jina alilopewa na wazazi likamtoka kichwani moja kwa moja. Akauzwa mara kibao, nyumba moja wakamchanja chale kwa wembe wakazijaza chumvi zisifutike, alama 114.

Sasa mwambie bibi hivi: alipobatizwa Venice tarehe 9 Januari 1890 aliitwa Josephine Margaret Fortunata, na Fortunata ni Bakhita lile lile kwa Kilatini, yaani jina la watekaji limepita kwenye maji ya ubatizo. Na siku hiyo hiyo akapewa kipaimara na komunyo, vyote kwa mkupuo.

Ila mimi ningependa binti ajue kilichotokea kabla ya hapo. Konsuli wa Italia alimnunua Khartoum, mwaka 1885 akaenda naye Italia akampa familia nyingine awe yaya, baadaye familia ikawa na mambo ya hoteli Suakin, bandari ya Sudan, wakamwacha yeye na mtoto kwa watawa wa shirika la Masista Wakanosa (wapo na huku kwetu). Mama mwenye nyumba kurudi kumchukua, Bakhita akasema siendi. Basi! Yule mama akapigana lakini 29 Novemba 1889 mahakama ikasema Italia sheria haitambui utumwa, kwa hiyo dada huyu yuko huru aende anapotaka. Akabaki kwa masista, akawa sista mwenyewe, akapika, akashona, akawa bawabu wa konventi huko Schio, Italia, mpaka alipofariki 8 Februari 1947.

Wahubiri wengi wanapenda ile aliyosema kwamba angekutana na waliomteka angewabusu mikono, ni kweli alisema, ila mimi hukereka ikitumika kumwambia dada wa kazi aliyenyang'anywa pasipoti Ghuba kwamba avumilie tu kama Bakhita. Alisamehe ndiyo, lakini alikuwa ameshatoka! Ndio maana tangu 2015 Kanisa linaombea waliouzwa kwenye biashara ya binadamu kila 8 Februari, siku yake.

Bibi akikaza bado, kaongee na katekista waandike Yosefina Bakhita, bibi amwite Yosefina. Theresia wabaki nayo mashangazi.