Kuhamisha saluni: kagua maji na umeme kabla ya kufikiria bango

Dada yangu, umesema mkataba wako wa pango unaisha, umepata fremu kubwa zaidi si mbali na ulipo, na hofu yako ni wateja kupotea. Wengi wamekushauri habari za bango na matangazo. Mimi nilihama baada ya miaka saba sehemu moja, na wateja niliowapoteza walijua vizuri nilikohamia. Walifika, wakakuta saluni haijawa tayari kuwahudumia.

Siku ya tatu nilimpaka dawa ya nywele mama mmoja niliyemhudumia tangu naanza kazi. Muda ulipotimia nikamlaza kwenye sinki, nikafungua bomba, maji yakatoka membamba kama uzi, kisha yakakata. Kumbe kila asubuhi wapangaji wa ghorofani wanafua, na huku chini presha inakufa. Mimi ile fremu niliikagua jioni, nikakuta maji yanatoka kwa nguvu, nikaridhika. Sasa dawa ile ina alkali kali, ikizidisha muda inakula nywele na ngozi. Msaidizi wangu alikimbia kuleta chupa za maji ya kunywa, tukamsuuza nazo moja baada ya nyingine huku mama wa watu ameuma meno. Aliondoka na kidonda nyuma ya sikio. Nilimwomba radhi, nikamfuatilia mpaka kikapona, lakini hakurudi tena, na simlaumu. Nikimkumbuka roho inaniuma hadi leo.

Kwa hiyo kabla hujasaini, nenda pale mara tatu: asubuhi, mchana, na siku ya wikiendi jengo likiwa limejaa watu. Beba ndoo ya lita 10, fungua bomba, hesabu inajaa kwa sekunde ngapi. Majibu ya nyakati hizo yakipishana sana, jua utahitaji tenki lako na pampu, na gharama hiyo izungumzeni na mwenye nyumba kabla ya kutia saini, maana baada ya hapo hakusikilizi.

Maji machafu nayo yana mambo yake. Bomba la kutoa maji linataka mteremko, kama sentimita 2 kwa kila mita. Ukiweka sinki la kuoshea nywele mbali na bomba kuu la jengo, fundi atalazimika kuchimba sakafu au kuinyanyua. Panga sinki kwanza, viti na vioo vitafuata. Na chujio la nywele liwekwe mahali mkono unapofika, kwa sababu utalisafisha mara kwa mara.

Umeme nao usiukadirie kwa macho. Soma wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa ujumlishe. Draya mbili za mkono za wati 2,000 kila moja, draya moja ya kukalia ya wati 1,000, na hita ya maji ya wati 3,000, hapo umeshafika wati 8,000. Kwenye umeme wa volti 230 hizo ni kama ampea 35. Fremu iliyokuwa duka la nguo haikutandikiwa nyaya za mzigo huo. Mwite fundi mwenye leseni, hita ipate laini yake peke yake, na usikubali kabisa ushauri wa kuongeza ekstensheni. Kama mnafanya kucha, hakikisha hewa inatoka nje, maana asetoni inashika moto upesi na vumbi la kucha linaingia kifuani.

Ukiweza, lipia sehemu zote mbili kwa wiki mbili. Najua inauma, lakini hela hiyo ingeniokolea yule mama. Hamisha kiti kimoja na sinki moja, kisha oshaneni vichwa nyinyi wenyewe, washeni draya zote kwa pamoja, muone nini kinakataa. Baada ya hapo ndipo uite gari. Vioo visafiri vimesimama, visilazwe. Viti vya haidroliki pia visimame, vikilala oili inaweza kuvuja. Paroksaidi, ile dawa ya kuchanganyia rangi ya nywele, ikae wima mbali na joto, na mfuniko wake usiuzungushie gundi, kwa sababu inatoa hewa na chupa iliyozibwa inavimba.

Halafu wasusi wako. Hapa nilikosea pia. Nilipanga kila kitu, wao nikawaambia wiki ya mwisho. Mmoja safari ya kufika ilimzidia akaacha kazi, na wateja wake wakamfuata, kwa sababu mteja hufuata mkono aliouzoea. Kaa nao leo, uliza nani ataongezewa nauli na mtasaidianaje. Kisha kila msusi awapigie wateja wake yeye mwenyewe, sauti wanayoijua. Mlango wa zamani bandika karatasi yenye namba ya simu, umwombe mwenye nyumba iachwe hapo miezi michache. Mahali pako kwenye ramani ya simu pabadilishe siku ile ile unayofungua, usitangulie, mtu asije akakuta mafundi.

Ukishapima ile ndoo, niandikie sekunde za asubuhi, za mchana na za wikiendi, tuangalie kama tenki linahitajika na la ukubwa gani.